UZI: Hisa ya kampuni ya madini imeporomoka, unaingia lini? Tuanze na Acacia

#1 – Mizania_Kwanza

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila hisa ya kampuni ya madini inaposhuka nusu, humu jukwaani linarudi swali moja: "Imeshafika chini? Ninunue?" Chati haiwezi kukujibu. Swali lenye jibu lina sehemu mbili: kampuni ina pesa za miezi mingapi, na ni nani wanaosimama mbele yako kwenye foleni ya kulipwa? Nimefungua uzi huu tulichambue hilo kwa mifano halisi. Naanza na wa nyumbani.

African Barrick Gold iliingia soko la London Machi 2010 kwa peni 575 kwa hisa. Mwishoni mwa 2011 ikaorodheshwa pia Soko la Hisa la Dar es Salaam, na 2014 ikabadili jina kuwa Acacia Mining. Migodi mitatu: Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara. Mwaka 2016 hisa zilipita peni 500, na mwaka ulipofungwa kampuni ilikuwa na dola milioni 318 benki.

Machi 2017 serikali ikazuia kusafirisha makinikia (unga wenye dhahabu na shaba) nje. Makontena 277 yakabaki bandarini Dar. Mei 24 ikasomwa ripoti ya kamati ya Profesa Mruma iliyochunguza makontena hayo, na hisa ikapoteza zaidi ya robo ya thamani kwa siku moja. Juni 12 ikafuata ya kamati ya Profesa Osoro. Julai zikaja sheria mpya (mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, ada ya ukaguzi ya asilimia 1, hisa za serikali zisizopungua asilimia 16) pamoja na ankara ya kodi ya takriban dola bilioni 190.

Watu wengi waliingia kwenye peni 300 hivi, katikati ya 2017, kwa hoja kwamba "imeshuka karibu nusu, haiwezi kwenda mbali zaidi". Mwisho wa mwaka ilikuwa karibu na peni 200. Mwaka 2018 ikaenda chini ya 150. Barrick, kampuni mama yenye sehemu kubwa ya Acacia, ilipowanunua wanahisa wadogo Septemba 2019, mapatano yaliyotangazwa Julai yalikuwa na thamani ya peni 232 hivi. Kwa hiyo aliyenunua kwa 300 alisubiri miaka miwili na akatoka na hasara, wakati aliyenunua chini ya 150 alipata faida nzuri. Kampuni ni ile ile na mgogoro ni ule ule. Tofauti iko kwenye wakati wa kuingia, na wakati huo ulionekana kwenye vitabu.

Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha, nenda mstari wa chini kabisa: salio la pesa mwanzo wa kipindi, salio mwisho wa kipindi. Desemba 2016: milioni 318. Desemba 2017: milioni 81. Zimeondoka milioni 237 ndani ya miezi 12, wastani wa karibu milioni 20 kwa mwezi. Gawa 81 kwa 20, unapata miezi minne. Kampuni yenye pesa za miezi minne, bila makubaliano na serikali, haina bei ya chini unayoweza kuikadiria.

Sasa tazama Desemba 2018: milioni 130. Usishangilie mara moja. Milioni 45 zilitokana na kuuza haki ya mrabaha wa mgodi wa Houndé kule Burkina Faso, na kitu cha namna hiyo huuzwa mara moja tu. Ukiitoa, unabaki na 85 dhidi ya 81. Hapo ndipo palipokuwa na habari: mgogoro haujaisha, makinikia bado yamezuiwa, lakini kampuni imeacha kuvuja. Kuanzia hapo unaweza kusubiri bila hofu ya kumegwa (sehemu yako kupungua kwa sababu kampuni imeuza hisa mpya), na hilo neno kumegwa tutalirudia sana humu.

Karibuni.

#2 – Mgeni_wa_Soko

Shukrani mkuu. Mimi ni mgeni kwenye haya mambo. Kama makinikia yalizuiwa na mauzo yakasimama, kampuni iliachaje kuvuja? Iliuza nini?

#3 – Gramu_kwa_Tani

@Mgeni_wa_Soko swali zuri sana, na ndilo la kwanza kuulizwa kwa kampuni yoyote yenye migodi zaidi ya mmoja: mgodi upi umefungwa mdomo, na upi bado unalisha nyumba?

Makinikia ni unga wa kijivu unaotoka kwenye mitambo ya kuelea. Jiwe linasagwa, linachanganywa na maji na dawa, kisha hewa inapulizwa kutoka chini. Chembe za salfaidi zenye shaba, dhahabu na fedha zinashika mapovu na kupanda juu, zinakwanguliwa na kukamuliwa maji. Unga huo hauwezi kuyeyushwa mgodini kuwa mkuo (tofali la dhahabu). Unahitaji kiwanda kikubwa cha kuyeyusha shaba, ndiyo maana ulikuwa unapelekwa nje. Bulyanhulu na Buzwagi wana shaba kwenye mwamba, kwa hiyo wanatoa makinikia. North Mara hawana shida hiyo: dhahabu yao inayeyushwa kwa sayanidi, inashikwa na kaboni, inatoka mkuo. Zuio la makinikia halikuigusa moja kwa moja.

Angalia wakia (kipimo cha dhahabu, gramu 31 hivi) za 2018: North Mara 336,055. Buzwagi 145,440. Bulyanhulu 40,485 tu, kwa sababu uchimbaji wa chini ya ardhi ulisimamishwa na kilichobaki kilikuwa kuchakata upya masalia. Jumla 521,980, dhidi ya 829,705 za mwaka 2016. Kampuni ilijikata ikabaki na North Mara na nusu ya mgodi mwingine. Ndivyo ilivyoacha kuvuja.

Tena, mkitazama Buzwagi msikubali wakia hizo kama za kudumu. Shimo lilikuwa linafikia mwisho, na mtambo ukahamia kwenye marundo ya mawe ya gredi ndogo (dhahabu kidogo kwa kila tani) yaliyowekwa pembeni miaka ya nyuma. Wakia za marundo zinaonekana rahisi kwa sababu gharama ya kulipua na kubeba ilishalipwa zamani. Rundo likiisha, limeisha.

Jambo jingine linalopita watu wengi: zilizozalishwa na zilizouzwa ni safu mbili tofauti kwenye ripoti. Mwaka 2017 Acacia ilizalisha wakia 767,883 na kuuza takriban 593,000. Tofauti ya zaidi ya wakia 170,000 ilikuwa imekaa kwenye makontena na maghala. Kichwa cha habari kinasema uzalishaji umezidi lengo, na mfuko unakauka. Ukiona pengo kati ya safu hizo linakua robo mwaka mbili mfululizo, usinunue mpaka ujue shehena imekwama wapi na nani ana ufunguo.

#4 – KahamaYetu

Nakazia hapo kwa #3. Wakati ule mabishano yote yalikuwa juu ya kiasi cha dhahabu ndani ya kontena: kamati ilisema wastani wa gramu 1,400 kwa tani, kampuni inatangaza 200 hivi. Watu wakakesha wakibishana nani mkweli ili waamue kununua au kuuza. Kwa mwenye hisa haikuwa na uzito huo. Mkweli awe nani, kontena lilikuwa Dar, halisafiri, halilipwi.

#5 – Kasri_la_Hisa

Mleta uzi, naheshimu uchambuzi wako ila sikubaliani na hitimisho. Ukisubiri kila kitu kiwe safi, bei nayo imeshapanda. Faida kubwa iko kwa anayenunua wakati wengine wanakimbia. Ukingoja mizania itulie unanunua pamoja na umati.

Halafu kwenye madini injini ni bei ya madini yenyewe. Dhahabu ikipanda, haya mengine yanajifuta.

#6 – Mizania_Kwanza

@Kasri_la_Hisa ndugu yangu, una hoja mbili, nazijibu moja moja.

Kuhusu bei ya madini: ni kweli ina nguvu kuliko watu wanavyodhani, na inafanya kazi pande zote mbili. Chukua kampuni ya mfano. Inazalisha wakia 500,000 kwa mwaka, gharama zote za kuendeleza uzalishaji (ripoti zinaandika AISC) ni dola 900 kwa wakia. Dhahabu ikiwa 1,200, inabaki 300 kwa wakia, yaani milioni 150. Dhahabu ikishuka asilimia 10 tu hadi 1,080, inabaki 180 kwa wakia, milioni 90. Bei imeshuka asilimia 10, kilichobaki kimeshuka asilimia 40. Ndiyo maana hisa za madini huanguka kwa kasi kuliko dhahabu yenyewe, na hupanda kwa kasi pia. Kama hisa imeshuka kwa sababu hiyo tu, gharama ziko pale pale, deni ni dogo, wakia zinatoka kama zilivyoahidiwa, basi nakubaliana nawe: nunua watu wakikimbia.

Lakini Acacia haikushuka kwa sababu hiyo. Dhahabu ilikuwa chini, karibu 1,050, Desemba 2015. Mwaka mzima wa 2017 ilikuwa juu ya hapo, na hisa ikaanguka. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabla ya kufungua akaunti ya dalali: chora chati ya hisa, bei ya madini yake, na kampuni nyingine mbili tatu za madini hayo hayo kwa kipindi kimoja. Zikianguka zote pamoja, tatizo ni bei ya madini. Yako ikianguka peke yake, tatizo limo ndani ya nyumba: mgodi, deni, au serikali. Na ya namna hiyo haiponywi na dhahabu kupanda.

Kuhusu kusubiri, namwachia anayefuata maana naona @Dalali_wa_Zamani yumo.

#7 – Dalali_wa_Zamani

Nipo mkuu. Mfano wa kusubiri na kupata ni First Quantum, ile yenye Kansanshi na Kalumbila kule Zambia, hisa zake ziko Toronto.

Oktoba 2023 Panama iliwaka maandamano juu ya mkataba wa mgodi wao wa Cobre Panamá, uliokuwa ukitoa karibu asilimia 1 ya shaba ya dunia. Mwisho wa Novemba Mahakama ya Juu ya nchi ikautangaza mkataba kinyume cha katiba, mgodi ukafungwa. Hisa ilipoteza zaidi ya nusu ndani ya wiki chache. Kila mtu akauliza: imefika chini?

Kilichotakiwa kuangaliwa ni ratiba ya madeni. Kampuni ilikuwa na deni la mabilioni, na mgodi uliokuwa ukililipa umefungwa. Hapo yapo mambo mawili tu: ama wakopeshaji walegeze masharti, ama kampuni iuze hisa mpya. Februari 2024 yakaja yote kwa pamoja. Hisa mpya za dola bilioni 1 za Marekani kwa dola 11.10 za Kanada kila moja, hatifungani (mikopo inayouzwa kwa wawekezaji) mpya za bilioni 1.6, milioni 500 za malipo ya awali ya shaba kutoka Jiangxi Copper, na benki zikalegeza vigezo vya mkopo.

Siku hiyo ndiyo ya kuingia. Mgodi bado umefungwa, habari bado mbaya, lakini swali la pesa limejibiwa. Bei ya 11.10 ilikuwa wazi kwa kila mtu kuisoma. Mwisho wa 2024 hisa ilikuwa juu ya dola 17. Aliyekimbilia mwishoni mwa Novemba alinunua karibu kwa bei hiyo hiyo ya Februari, akabeba hatari ya miezi mitatu bila kulipwa chochote. @Kasri_la_Hisa, unaona? Kusubiri hakukugharimu kitu pale.

Na hata ungechelewa ukanunua kwa 13, bado umelipia uhakika kwa bei ndogo.

#8 – Kasri_la_Hisa

Huo mfano umenigusa, nakiri. Ila ni mfano uliochagua wewe. Nipe wa mtu aliyenunua baada ya kampuni kuongeza mtaji na bado akaumia.

#9 – Binti_Mwadui

Huo ninao mimi: Petra Diamonds, waliokuwa na mgodi wa Williamson pale Mwadui, Shinyanga.

Mwaka 2018 Petra waliuza hisa mpya kwa wanahisa wao, tano kwa kila nane unazomiliki, kwa peni 40, wakakusanya takriban dola milioni 178. Kwa kanuni ya #7 mtu angesema swali la pesa limejibiwa. Halikujibiwa. Walikuwa na hatifungani za dola milioni 650, riba asilimia 7.25, za kulipwa 2022. Riba peke yake ni zaidi ya milioni 47 kila mwaka. Zile milioni 178 zilipunguza mikopo ya benki, lile deni kubwa likabaki limesimama. Juu ya hapo Septemba 2017 shehena yao ya almasi karati 71,654 ilizuiwa uwanja wa ndege Dar, na soko la almasi likadorora.

Machi 2021 deni likapangwa upya. Wenye hatifungani walipewa asilimia 91 ya kampuni. Wanahisa wa zamani wote kwa pamoja wakabaki na asilimia 9. Wafikirie wale waliotoa peni 40 mwaka 2018.

Kwa hiyo kanuni ya #7 naiongezea mstari: mtaji uliokusanywa ulinganishwe na deni lote linaloiva ndani ya miaka mitano ijayo, usiridhike na pengo la mwaka huu. Ripoti ya mwaka ina jedwali la miaka ya kuiva kwa madeni, kwenye maelezo ya hesabu kuhusu hatari ya ukwasi. Safu zake kwa kawaida ni chini ya mwaka 1, mwaka 1 hadi 2, miaka 2 hadi 5, zaidi ya 5. Jumlisha safu tatu za kwanza. Kisha chukua pesa iliyopo, ongeza mara tatu ya mtiririko wa pesa wa mwaka uliopita baada ya kutoa matumizi ya mitambo. Ikiwa jumla ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza, kuna mtu atakuja kuchukua hisa zako. Kilichobaki ni tarehe.

#10 – Mgeni_wa_Soko

Dada nashukuru. Hilo la kumegwa nimeanza kulielewa. Linapigwaje hesabu?

#11 – Binti_Mwadui

Rahisi mdogo wangu. Kampuni ina hisa milioni 400, bei peni 50, thamani sokoni pauni milioni 200. Inahitaji milioni 100. Hakuna atakayenunua kwa 50, kwa hiyo inauza kwa 25. Milioni 100 gawa kwa 0.25 unapata hisa mpya milioni 400. Sasa ziko milioni 800. Thamani ni 200 + 100 = milioni 300, gawa kwa milioni 800: peni 37.5. Ulikuwa na sehemu moja ya mia, sasa una nusu yake, usipotoa pesa nyingine.

Kabla ya kununua yoyote iliyoporomoka, andika idadi ya hisa kwa miaka mitano iliyopita, mstari mmoja kila mwaka. Ikiwa inapanda kila mwaka, chati ya bei inakudanganya: unadhani hisa "ilikuwa peni 300 itarudi 300", wakati 300 ile iligawiwa watu wachache. Linganisha thamani ya kampuni nzima pamoja na deni lake, halafu ndipo useme ni rahisi au ghali.

#12 – Gramu_kwa_Tani

Niongeze upande wa mgodi wenyewe, maana hesabu za pesa hufuata mwamba.

Gharama ya mgodi kwa sehemu kubwa haijali umetoa dhahabu kiasi gani. Dizeli ya malori, umeme wa kinu, mishahara, matairi: unasaga tani ile ile iwe na gramu 4 au gramu 3. Tuseme gharama ni milioni 400 kwa wakia 500,000, yaani 800 kwa wakia, na asilimia 70 ya gharama haibadiliki. Gredi ishuke, wakia ziwe 400,000. Gharama zinakuwa 280 + 96 = milioni 376. Gawa: dola 940 kwa wakia. Wakia zimepungua asilimia 20, gharama kwa wakia imepanda karibu asilimia 18. Hii ndiyo mashine inayoua hisa za madini polepole, bila kamati wala mahakama.

Mambo ninayotazama kwenye ripoti ya robo mwaka, kwa mpangilio huu:

Gredi iliyosagwa dhidi ya gredi ya akiba iliyothibitishwa (madini yaliyopimwa ardhini, bado hayajachimbwa). Ikiwa wanasaga gramu 5 na akiba ina wastani wa gramu 3, wanakula mnofu sasa na mifupa inakuja. Wakati wa shida menejimenti nyingi hufanya hivyo ili robo ionekane nzuri.

Mawe taka yaliyoondolewa kwenye mgodi wa wazi. Yakipungua ghafla wakati dhahabu inatoka vizuri, huenda wameacha kufungua ukuta unaofuata. Gharama ya leo inashuka, ya mwaka kesho italipuka. Kwa mgodi wa chini ya ardhi kipimo chake ni mita za mahandaki mapya.

Na makadirio ya mwaka. Kampuni ikishusha makadirio mara moja, inaweza kuwa mvua au kinu kuharibika. Ikishusha mara mbili ndani ya miezi 12, modeli ya mwamba yenyewe ina kasoro, na hapo siingii mpaka watoe makadirio mapya ya akiba.

#13 – Likoni_Feri

Nchi jirani tuna somo lingine: mgodi wa Kwale, Base Titanium. Kampuni mama Base Resources ilikuwa imeorodheshwa Australia. Mchanga wenye ilmenaiti, rutaili na zikoni, shehena ya kwanza iliondoka Likoni Februari 2014. Mgodi ulisimama Desemba 2024 kwa sababu mchanga wa kuchimbwa kwa faida uliisha.

Miaka ya mwisho hisa ya namna hiyo inavutia macho: bei ndogo ukilinganisha na faida, gawio nono. Mtu anaona faida ya asilimia 20 na kusema soko limelala. Soko halijalala. Hilo gawio ni mtaji wako mwenyewe unarudishwa kidogo kidogo kabla shimo halijafungwa, na bado kuna gharama za kurudisha ardhi. Gawa akiba iliyothibitishwa kwa uzalishaji wa mwaka. Ikitoka miaka mitatu, hiyo hisa ipigie hesabu ya miaka mitatu tu. Thamani iliyobaki ilikuwa kwenye mradi wa Toliara, Madagascar, ambao nao ulisimamishwa na serikali ya huko tangu Novemba 2019 hadi Novemba 2024. Aliyenunua Base mwishoni alikuwa ananunua ruhusa ya Madagascar, ajue asijue.

#14 – KahamaYetu

Kuna kitu hakijaguswa kuhusu Acacia: mwenye nyumba. Barrick walikuwa na asilimia 63.9. Mwenye sehemu kubwa namna hiyo ndiye aliyeongea na serikali. Oktoba 2017 makubaliano ya awali (dola milioni 300, kugawana manufaa nusu kwa nusu, asilimia 16) yalitangazwa na Barrick na serikali, na Acacia wenyewe hawakuwa mezani. Mei 2019 Barrick wakapendekeza kubadilishana hisa 0.153 ya Barrick kwa moja ya Acacia. Wanahisa wadogo wakagoma, Julai ikawa 0.168 pamoja na haki fulani za maeneo ya utafiti.

Mnaona kilichotokea? Kutoka 0.153 hadi 0.168 ni nyongeza ya asilimia 10 hivi. Lakini thamani kwa peni ilipanda zaidi ya hapo, kwa kuwa hisa za Barrick zenyewe zilipaa na dhahabu kati ya Mei na Julai.

#15 – Dalali_wa_Zamani

Sahihi kabisa @KahamaYetu. Kampuni yenye mwenye hisa mkuu juu ya asilimia 50 inatakiwa ipunguziwe bei unayokubali kulipa. Atakapotaka kukununua atachagua siku yako mbaya. Kinga uliyonayo kwenye mpango wa ununuzi kama ule wa Acacia, chini ya sheria ya Uingereza, ni kura: inahitajika asilimia 75 ya thamani ya hisa za wanaopiga kura, na za mnunuzi mkuu hazihesabiwi. Ndiyo maana kugoma kulifanya kazi. Kwa hiyo angalia kama kuna mifuko mikubwa miongoni mwa wanahisa wadogo. Ikiwa wote ni watu wa hisa mia mia, hakuna wa kugoma.

#16 – Mgeni_wa_Soko

Sasa tuseme nimefanya yote hayo na kampuni imefaulu. Nanunuaje, kwa pesa yote mara moja?

#17 – Mizania_Kwanza

Hapana. Weka kwanza kiwango cha juu kwa hisa moja ya madini iliyo kwenye matatizo: mimi nasema asilimia 3 hadi 5 ya mtaji wako wote wa uwekezaji, na iwe pesa usiyoihitaji kwa miaka mitatu. Kisha gawa mafungu matatu, na yafunge kwenye matukio, usiyafunge kwenye bei. Mtu anayesema "nitaongeza ikishuka asilimia 20 nyingine" anajikuta ameweka pesa nyingi zaidi kwenye kampuni mbovu zaidi.

Fungu la kwanza: pesa imejibiwa. Mtaji umeingia au deni limeongezewa muda, na hesabu ya #9 inakubali.

Fungu la pili: robo mbili mfululizo wametimiza makadirio ya wakia na gharama, na zilizouzwa zinakaribiana na zilizozalishwa.

Fungu la tatu: kikwazo chenyewe kimeondoka kwa karatasi iliyosainiwa. Tangazo la "mazungumzo yanaendelea vizuri" halihesabiki. Tangu mfumo wa makubaliano ya Oktoba 2017 hadi mkataba wa mwisho kusainiwa Januari 2020 ilipita miaka miwili na zaidi, na katikati hapo kampuni yenyewe ilishafutwa sokoni.

Na andika siku unayonunua sentensi moja ya kutokea: "Nitauza ikitokea hili." Mfano: wakitangaza kuuza hisa mpya tena ndani ya miezi 12, au salio la pesa likishuka chini ya miezi sita ya matumizi. Iandike kabla, kwa sababu ukishakuwa ndani utaona sababu elfu za kubaki.

#18 – Dalali_wa_Zamani

Upande wa oda: hisa zilizoporomoka zina pengo kubwa kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji. Ukiona 20 kwa 22, ukinunua na kuuza papo hapo umepoteza asilimia 9. Usitume oda ya "bei yoyote ya soko". Weka kikomo cha bei, na usiagize kabla soko halijatulia asubuhi, mpe angalau nusu saa. Siku ya tangazo baya acha ipite kabisa. Mifuko mikubwa inayolazimika kutoka huchukua siku kadhaa kumaliza kuuza, nawe huna haraka.

Walio Uingereza wakumbuke ushuru wa stempu wa asilimia 0.5 kwenye hisa nyingi za kampuni za huko. Walio Tanzania wanaotaka kununua Toronto au London waanze kwa benki yao kuhusu kanuni za Benki Kuu za kupeleka mtaji nje, kabla hawajatuma hata senti kwa dalali wa mtandaoni. Na mkihesabu faida, hesabuni kwa shilingi mliyotoka nayo.

#19 – Kasri_la_Hisa

Nimesoma yote, nimebadili mawazo kwa sehemu. Kwa hisa inayoshuka na wenzake naendelea kununua mapema. Kwa inayoshuka peke yake nitaanzia kwenye jedwali la madeni. Swali la mwisho: jedwali hilo linatoka mara moja kwa mwaka. Katikati hapo nashika nini?

#20 – Binti_Mwadui

Ripoti ya nusu mwaka inatoa salio la pesa na deni, na nyingi hutaja vigezo vya benki: deni halisi (deni ukitoa pesa iliyopo) lisizidi mara kadhaa ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Ukiona wameandika kwamba benki "imesamehe" au "imeahirisha" kipimo cha kigezo kwa Juni au Desemba, hiyo ni kengele kubwa kuliko kushuka kwa bei. Tafuta pia aya inayozungumzia kama kampuni inaweza kuendelea na shughuli kwa miezi 12 ijayo. Ikiwa na maneno "mashaka makubwa", isome neno kwa neno: itakuambia ni bei gani ya madini na ni tarehe gani pesa itaisha. Kwa kawaida iko kwenye maelezo namba 1 au 2 ya hesabu, ukurasa ambao wengi wanaruka kwenda kwenye picha za mgodi.

#21 – Mgeni_wa_Soko

Nimeipata aya hiyo kwenye ripoti ya kampuni ninayoifuatilia. Wameandika watahitaji "ufadhili wa ziada" kabla ya robo ya tatu.

#22 – Mizania_Kwanza

Basi umeshajua tarehe, mkuu. Subiri watangaze bei ya huo ufadhili, kisha urudi hapa na idadi mpya ya hisa tuipigie hesabu pamoja.